Mlango Mmoja Badala ya Ramani Nzima

Nimekuwa kimya kidogo hapa kibarazani, na wale mliozoea kupata makala za programu na seva naomba mniwie radhi. Sababu ni wapwa zangu watatu. Likizo walikuja kukaa nami hapa Junda, umeme ukawa wa kuja na kwenda, na sikutaka wakodolee simu mpaka chaji iishe. Nikawafundisha mchezo wa mezani wa kuigiza.

Kwa wasioujua: mchezo huu hauhitaji kompyuta. Unahitaji karatasi, penseli, dadu na watu wanaopenda hadithi. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja anachukua mhusika wake: nahodha, mganga, mwindaji, mwizi. Msimulizi anaeleza wanachokiona, wao wanasema watafanya nini, na pale ambapo matokeo yana shaka, dadu inaamua. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea usiku hadi usiku.

Usiku wa kwanza mambo yalikwenda vizuri mpaka yule mdogo aliponiuliza, "Mjomba, nyuma ya mlima ule mna nini?"

Nyuma ya mlima hamkuwa na kitu. Nilikuwa nimetunga kijiji kimoja na mlima mmoja basi. Nikawaambia wakalale, kisha nikakaa na taa ya betri nikachora nchi ya nyuma ya mlima. Usiku wa pili wakaamua kwenda pwani. Nikachora pwani. Usiku wa tatu nilikuwa na falme saba, mito, bei ya chumvi na orodha ya wafalme, na wao wakaenda mahali pa nane.

Wenzangu wa kazi yetu mnaujua ugonjwa huu. Ni ule wa kuandika maktaba nzima ya msimbo kabla ukurasa wa kwanza wa programu haujafunguka. Dawa yake ni kutazama waliotangulia walifanyaje. Nikatazama, na nikakuta wameutumia ujanja mmoja kwa karibu miaka hamsini: mlango wa kichawi. Makala ya leo ni historia ya mlango huo. Na kwa mshangao wangu, njia hiyo ilinirudisha hapa hapa Kisauni.

Chini ya ngome

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa dukani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Wote wawili walitoka kwenye michezo ya vita, ile ya kupanga askari wadogo mezani na kupima umbali kwa rula.

Arneson ndiye aliyewashusha wachezaji wake chini ya ngome ya Blackmoor, kwenye vyumba na mapango. Huenda ukadhani alipenda giza tu, lakini tazama faida aliyoipata. Mtu aliye uwandani anaweza kwenda upande wowote. Mtu aliye chumbani ana milango miwili au mitatu. Msimulizi hahitaji kujua dunia nzima, anahitaji kujua kilicho nyuma ya milango hiyo mitatu. Kuta zimemfanyia kazi.

Gygax naye alikuwa na ngome yake, Greyhawk. Ghorofa zake za chini zilishuka na kushuka, na kule chini alificha njia za kutokea kwenye dunia nyingine kabisa. Wachezaji wake wa mwanzo waliofika chini kabisa walijikuta wakiteleza kwenye mfereji mrefu uliowatupa upande wa pili wa dunia, China. Njia nyingine iliingia kwenye nchi ya Alice, ile ya kitabu cha Lewis Carroll, na mwaka 1983 Gygax aliichapisha kama kisa kamili kwa jina la Dungeonland. Hakulazimika kuichora bahari ya kufika huko, wala kueleza Alice ni jirani wa nani. Alifungua mlango, akaiazima dunia ya mwenzake, akaufunga.

Neno la kichawi

Kwenye kompyuta hadithi ilikwenda sambamba. Miaka ya 1975 na 1976 mwanaprogramu mmoja Mmarekani, Will Crowther, aliandika mchezo wa maneno matupu ulioitwa Adventure. Crowther alikuwa mpenzi wa kuingia mapangoni, na pango la mchezo wake alilichukua kwenye pango la kweli la Mammoth, jimbo la Kentucky, ambalo yeye mwenyewe alishiriki kulipima. Aliuandika ili wanawe wa kike wauchezee. Mwaka 1977 Don Woods, aliyekuwa Stanford, akaukuza.

Ndani ya pango hilo kuna chumba ambamo ukutani pameandikwa neno: XYZZY. Ukiliandika, unajikuta ghafla kwenye nyumba ndogo iliyo nje ya pango. Ukiliandika tena, unarudi. Faida yake ni ya kawaida kabisa: mchezaji lazima abebe hazina kutoka chini hadi kwenye ile nyumba, na kurudia njia ile ile mara ishirini ni adhabu. Neno moja likamaliza adhabu.

Ngoja nieleze kilichomo ndani ya msimbo, maana hapa ndipo penye utamu. Katika michezo ile, kila chumba ni mstari wa data: jina lake, maelezo yake, na orodha ya njia za kutokea. Kaskazini, nenda chumba namba tano. Mashariki, nenda namba tisa. Kompyuta haijui chumba cha tano kiko umbali gani. Haijui hata kama kweli kiko kaskazini. Unaweza kwenda kaskazini, ukageuka kusini, ukajikuta pengine, na mashine isione ajabu.

Kwa mashine, basi, hakuna tofauti kati ya barabara na mlango wa kichawi. Zote mbili ni namba inayokuelekeza kwenye chumba kingine. Tofauti iko kwenye maelezo tu: hii imevishwa vumbi na miti, ile imevishwa mwanga wa buluu.

Mwaka 1978, kule Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walitengeneza MUD, mchezo wa namna hiyo hiyo ambao watu wengi waliweza kuingia kwa wakati mmoja. Michezo mingi ya mtandaoni ya leo ina nasaba yake humo. Miaka ya 1980 michezo ya Ultima ya Richard Garriott ikaweka milango inayofunguka kwa kufuata mwezi. Mwaka 1996 Diablo ikampa mchezaji karatasi ya uchawi ya kufungua mlango wa kumrudisha mjini akauze alichookota. Mlango ulikuwa na kazi ya pili pia: kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, na mchezaji akiingia mlangoni, programu inapata nafasi ya kuitupa dunia ya nyuma na kuipakia ya mbele.

Mji wa milango

Aliyeufikiria mlango kwa kina zaidi, kwa maoni yangu, ni Ed Greenwood wa Kanada. Tangu utotoni alikuwa akitunga dunia yake, na ilipochapishwa mwaka 1987 iliitwa Forgotten Realms, yaani milki zilizosahaulika. Jina hilo lina maana. Katika fikra yake ya mwanzo, dunia ile na hii yetu ziliunganishwa na milango, kisha sisi tukaisahau.

Halafu mwaka 1994 ikaja Planescape, iliyoandikwa na David Cook. Katikati yake kuna mji uitwao Sigil, mji wa milango. Kila kitu chenye fremu kinaweza kuwa mlango wa dunia nyingine: dirisha, tao, hata nafasi kati ya nguzo mbili. Lakini lazima uwe na ufunguo, na ufunguo waweza kuwa kitu chochote, hata wazo. Unapita chini ya tao kila siku kwa miaka kumi, siku moja umeshika msumari fulani mkononi, unajikuta kwingine.

Kwa msimulizi, huu ni mpango safi sana. Unautunga mji mmoja vizuri, na watu wake, na ugomvi wao. Dunia nyingine unazitunga moja moja, ile tu wanayoiendea kesho. Zikiharibika hazivurugi mji. Sisi wa programu tungesema kila dunia ni moduli yake, na mji ndio kituo zinapounganishwa.

Nilipofika hapa nikafurahi, nikawa tayari kuwaambia wapwa zangu kwamba Wamarekani ni watu wa akili. Kisha nikakumbuka Hasibu.

Hasibu alitangulia

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja na baadaye akawa askofu, alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili jinsi alivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Moja ya hadithi hizo ni ile ya Hasibu Karimu Din na Sultani wa Nyoka. Asili yake ya mbali ni Alfu Lela u Lela, ambako nyoka huyo ni malkia. Wasimulizi wetu walimfanya sultani, wakamweka kwetu.

Mnaikumbuka? Hasibu ni mtoto wa tabibu aliyekufa. Anakwenda msituni na wakata kuni, anagundua shimo lililojaa asali. Wenziwe wanamshusha achote, wanauza asali mjini, na ilipokwisha wanamwacha shimoni afe. Amekaa humo kwenye giza, nge anaanguka. Hasibu anamuua. Kisha anajiuliza: huyu nge ametokea wapi? Anatazama, anaona mwanga mwembamba. Anachukua kisu chake anachokura na kuchokora mpaka pakawa na nafasi ya kupita, na upande wa pili kuna nchi ya Sultani wa Nyoka.

Nawaomba muitazame kazi ya msimulizi hapa. Haelezi nchi ya nyoka iko wapi, bara au kisiwani, siku ngapi kutoka mjini. Hahitaji. Ametumia asali, nge, kisu na mwanga, vitu vinne ambavyo kila msikilizaji anavijua, na vikampitisha. Hadithi hii ilichapishwa miaka 104 kabla ya Dungeons & Dragons, na ilisimuliwa muda mrefu kabla Steere hajakata wino. Nyanya zetu hawakuwa na penseli wala ramani. Walikuwa na wajukuu wanaouliza "na huko mna nini?", kama mimi.

Lakini kuna jambo ambalo Hasibu analo na XYZZY haina. Kupita kwake kunagharimu. Sultani wa Nyoka anajua tangu mwanzo kwamba akimwachia mtu huyu arudi kwao, kurudi huko ndiko kutakakomuua yeye. Anamwonya asioge mbele ya watu. Miaka inapita, sultani wa mjini anaugua, dawa yake ni nyama ya Sultani wa Nyoka, na waziri anatafuta mtu aliyewahi kumwona. Hasibu anaingia hamamuni, mwili wake unamtoboa, anakamatwa, analazimishwa kuonyesha njia. Nyoka anauawa. Hata hapo, kabla ya kufa, anamfundisha Hasibu jinsi ya kuponyoka hila ya waziri.

Mlango uliomwokoa mmoja ndio uliomuua aliyempokea. Niliisikia hadithi hii nikiwa mdogo nikakumbuka asali. Safari hii nimekumbuka nyoka.

Wajumbe sita

Shaaban Robert naye hamuwezi kumwacha. Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu chake Kusadikika, nchi iliyo angani. Hamna ramani ya nchi hiyo, wala jinsi ya kupanda kwenda huko. Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: pande nne za dunia, na tena mbinguni na ardhini.

Ukikitazama kama msimulizi wa mchezo, huo ni mji wa katikati wenye milango sita. Na Shaaban Robert aliuliza swali ambalo michezo mingi hailiulizi: aliyekwenda anarudi na nini, na nyumbani wanampokeaje? Kila mjumbe alirudi na mafunzo ya kuitengeneza nchi yake, na kila mmoja alitupwa gerezani. Kwenye Diablo unarudi mjini, unauza upanga, unaondoka tena. Mji haukuulizi ulikuwa wapi.

Kisiwa na milango yake

Sasa tufike nyumbani. Junda tuko ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor. Ng'ambo ya maji ni Jomvu na Mikindani, mwendo wa mtumbwi. Lakini mimi nikitaka kwenda Mikindani kwa matatu, napanda hadi daraja la Nyali, naingia kisiwani, napita mjini, natoka kwa Makupa, naingia Changamwe ndipo nifike. Ramani inasema ni karibu. Njia inasema ni mbali. Ile michezo ya vyumba na namba ndivyo inavyoiona Mombasa: kisiwa katikati, na njia zake za kutokea. Nyali kwenda Kisauni, Makupa kwenda Changamwe, feri kwenda Likoni.

Njia hizo zina umri. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa 1931, na hili la saruji tunalolitumia likaja 1980. Kabla ya hapo ilikuwa ni vyombo, na upande wa Makupa, maji yakipwa, kivuko cha miguu.

Kivuko hicho kiliwahi kuamua maisha ya mji mzima. Mwaka 1589 Wazimba, jeshi la watu waliotoka kusini na kupita wakiangamiza miji, walifika bara na kupiga kambi mkabala na kisiwa. Wakati huo huo zikafika merikebu za Wareno kutoka Goa chini ya Tomé de Sousa Coutinho, zikimtafuta Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa amealikwa na miji ya pwani. Mji ukabanwa huku na huku. Wareno wakawaachia Wazimba kivuko. Watu waliuawa, wengine wakajitosa baharini kuzikimbilia merikebu za adui yao, Mir Ali Bey mmoja wao. Miaka minne baadaye, 1593, Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu.

Ukiwa na kisiwa chenye milango michache, kila mlango una mwenyewe, na anayeushika ndiye anayeamua nani aishi. Hili halimo kwenye vitabu vya mchezo. Mimi nalipita kila asubuhi.

Swali la kengele

Narudi mezani. Niliuacha mpango wa falme saba. Nikachora kisiwa kimoja, na milango mitatu tu ya kuanzia: mmoja chini ya mbuyu, mmoja kisimani, mmoja ndani ya jahazi lililopanda mwamba. Nikatunga dunia moja kwa kila likizo ya mwisho wa wiki. Usingizi ukarudi.

Mlango wa jahazi niliufanya wa upande mmoja. Nilitaka wanakijiji fulani wafike kisiwani, lakini sikutaka wapwa zangu waende walikotoka, kwa sababu sikuwa nimekutunga. Ni uvivu wa mwandishi wa programu, nakiri. Watu wakatoka jahazini, wamelowa, wanazungumza lugha ambazo hakuna azijuaye. Nikaeleza vizuri, kisha nikasema, "Haya, mnafanya nini?"

Dada mtu, ambaye kwa kawaida hataki ila kupigana na majini, akaniuliza, "Mjomba, hawa watarudije kwao?"

Nikasema hawarudi, mlango hauna upande wa pili.

"Nani aliufanya hivyo?"

Sikuwa na jibu la mchezoni. Siku ya pili yake nilikuwa kwenye matatu, makanga akaita "Kengeleni!", na hapo likanijia. Kengele hiyo ni ya Freretown. Mwaka 1873 mkataba ulilifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kusafirishwa watumwa kwa bahari, na katika miaka hiyo ya 1870 jumuiya ya wamisionari ya CMS ilianzisha makazi hapa bara ya Kisauni kwa watu waliookolewa kwenye majahazi. Wakaitwa kwa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyesimamia mambo ya mkataba ule. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi. Walikuwamo pia Waafrika waliokuwa wamelelewa India, waliovushwa tena bahari kuja kusaidia kazi. Kengele iliwekwa kuwatahadharisha pakiwa na hatari ya kuvamiwa.

Hao ndio watu waliotoka jahazini kwenye mlango wa upande mmoja. Walikotoka kulikuwa na njia, na mito, na majina. Waliomweka mtu ndani ya jahazi hawakuwa na haja ya kukujua kwao. Kwao wao, kule bara kulikuwa ni upande wa nyuma wa mlango tu.

Sitaki kuufanya mchezo wa watoto kuwa msiba. Lakini tangu siku hiyo nimeuona udhaifu wa ujanja wangu. Mlango unamrahisishia msimulizi kazi kwa sababu unamruhusu asijue kilichoko katikati. Ni msaada mkubwa, na mimi nautumia bado. Ila mtu akizoea kuruka katikati, mwisho wa upande wa pili unakuwa kama ghala: unaingia, unachukua, unatoka. Michezo mingi imekuwa hivyo. Mtoto anajifunza kwamba dunia za wengine ziko pale kwa ajili ya kuvuna.

Kwa hivyo sasa, kabla sijaweka mlango wowote, naandika majibu ya maswali manne kwenye kadi ndogo. La kwanza ni nani anaushika mlango huu, na anadai nini. La pili, kupita kunamgharimu nini anayepita. La tatu, kunamgharimu nini aliye upande wa pili, hilo nimelitoa kwa Hasibu. La nne, mtu wa huko akitaka kurudi kwao, atarudije. Na kama hawezi, nani aliufanya hivyo. Majibu hayazidi mistari minne. Ni machache mno kuliko falme saba, na kila kadi imezaa usiku mzima wa hadithi.

Mlango wa jahazi tuliushughulikia likizo iliyofuata. Wapwa zangu waliamua kuutafuta upande wake wa pili, na mimi nikalazimika kuitunga ile nchi niliyoikwepa. Yule mkubwa alikuwa na wazo la kujifunza kwanza lugha ya wale wageni, neno moja moja, ili wawaeleze kwao ni wapi. Ilichukua usiku tano. Hakukuwa na pigano hata moja na hakuna aliyelalamika.

Mkiwa na watoto nyumbani, au ninyi wenyewe mnapenda, jaribuni. Dadu hupatikana, na kama hakuna, vipande vya karatasi vyenye namba ndani ya kikombe vinatosha. Anzeni na mahali mnapopajua, mtaa wenu hasa, kisha tafuteni palipo na fremu: kisima, tundu la ukuta, mlango wa msikiti wa zamani, kivuko. Na kwa wenzangu wa programu, wiki ijayo inshallah nitaeleza jinsi ya kuandika ramani ya vyumba na njia kwa faili moja la maandishi, bila hifadhidata.

Wapwa wamesharudi kwao Changamwe. Jana yule mdogo alinipigia simu. Anataka kujua chini ya kile kisima mna nini.

Tuonane wiki ijayo.